Nondo za Ghorofa ya Watoto

Saruji ya siku hizi huota yenyewe. Ikikuta nondo, huipanda kama maharage yanavyopanda mti. Fundi Mshana alituonya tulipomaliza kumwaga zege la juu: "Mama Ndeshi, kateni nondo zote zilizochomoza. Msiache hata moja."

Mume wangu akakataa katakata. Nani anajenga bila kuacha nondo juu? Watoto wakirudi kutoka ughaibuni watalala wapi?

Basi nyumba ikajipandishia ghorofa ya watoto, nasi tukapiga vigelegele. Kisha ikapandisha nyingine, na nyingine, kila moja ikichomoza nondo zake. Tulipomwita Mshana azikate, alitikisa kichwa tu. "Zege likishazoea kupanda, halizuiliki tena."

Nyumba ikaelemewa, ikaanza kudidimia. Mlango ulipozama tukaingilia dirishani, na dirisha nalo lilipozama tukahamia ghorofa ya watoto.

Jana Ndeshi alipiga simu. Ameshakata tiketi, anarudi.

"Mama, chumba changu kipo?"

"Kipo, mwanangu," nikamjibu, huku nikiutazama udongo ukipanda kwenye kioo cha dirisha lake.