Marejea ya Mwanaidi

Mimea ya marejea ilikuwa imechanua manjano bustani nzima, na Shekiondo hajaigusa. Mwanaidi, mkewe, ndiye aliyeipanda ili ikifukiwa irutubishe udongo wa mchicha, akafa kabla haijatoa ua.

“Shemeji, ikikomaa itakuwa kuni tu,” jirani yake Bi Staha alimwambia. “Udongo utakula nini?”

“Kawaulize wakubwa! Zahanati wameipaka rangi, dawa hamna. Wao wameniulia mke, mimi nimalizie na alichopanda?”

“Mwenyewe kila msimu alikuwa akiifyeka na maua yake, tena akiimba.”

Shekiondo alishika panga, akafyeka tuta baada ya tuta, akafukia yote. Alipoinua uso, nyuki walikuwa wangali wakizunguka hewani, pale pale palipokuwa na maua.