Pua Jikoni kwa Mwanakombo

Tangu Mahakama ya Biashara iamue kwamba viungo vikishauzwa kwa jina la kampuni ni mali ya kampuni, hata jikoni kwa mtu, Mwanakombo hupika pilau bila mdalasini. Aliyeshinda kesi ni Zuwena, mshirika wake wa zamani katika kuuza viungo, na juu ya jiko la Mwanakombo ikatundikwa pua, kidude kidogo kama kiberiti cha kunusa viungo vya kampuni, chenye taa ya kijani. Ikishuku, taa hugeuka njano. Ikiwa nyekundu, jiko hufungwa mwaka mzima.

Asubuhi ya Idi mama yake aliwasili kutoka Pangani, akavua buibui, akaingia jikoni kuulizia kinu.

"Leo hatutii mdalasini, mama."

"Kwani tunampikia mgonjwa?"

"Ule mchanganyiko wetu, ukitiwa mdalasini, sasa ni wa Zuwena."

Mama akacheka. "Zuwena huyu niliyemfundisha kuchambua mchele? Viungo vile kanirithisha bibi yako."

"Nilisema hivyo mahakamani. Wakauliza imeandikwa wapi."

Taa ikageuka njano. Mwanakombo alitazama sufuria, ilikuwa tupu. Kinu kilikuwa bado kabatini. Ndipo akaona pua imeelekea viganja vya mama yake, vilivyotwanga viungo vile miaka hamsini.

Mama naye aliona. Akaificha mikono ndani ya kanga.

"Nikae wapi basi, mwanangu?"

Mwanakombo akamtandikia mkeka ukumbini, akarudi, akafunga mlango, akasimama kusubiri taa iwe kijani.