Ami Hapendi Kungoja

Kuingia katika kile kiti, Harub aliingia mwenyewe kwa hiari yake. Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi. Mwanamume mzima, kanzu imempanda magotini, kofia imemwangukia puani, amenasa katika kiti cha gari cha mtoto katikati ya duka mjini Nizwa!

"Ya akhi, kiti hii ya watoto!" Nadhir, muuzaji, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nilitaka kujua kinavyobana," Harub akasema, kwa heshima iliyombakia.

Nadhir akamshika mikono akamvuta. Kiti kilipomwachia, wote wawili wakaangukia rundo la nepi.

Lakini safari yenyewe haikuwa ya mzaha. Kule Ibra babu yake Harub, Mzee Mahrous, alikuwa ametoka hospitali asubuhi ile. Mbuzi kachinjwa, ukoo mzima umekwisha kaa, na mzee kaapa kwamba hatii tonge mdomoni mpaka amwone mwanawe, ami yake Harub. Kumfikisha ami Ibra kabla ya laasiri ilikuwa kazi ya Harub.

Na Hamda naye alikuwa na kiapo chake. Hamda, mama wa mtoto atakayepanda kiti hicho, alikuwa amejifungua tena karibuni, yumo katika arubaini nyumbani kwa mamake, mtaa wa nyuma ya duka. Alisema wazi kwamba mwanawe hatoki Nizwa bila ya kiti cha maana. Viapo viwili, na Harub katikati amekalia kuti kavu.

Simu ikalia. Ni Thuraya, mkewe, aliyebaki kwa kina Hamda kumshughulikia ami.

"Harub, fanya hima. Ami Ghaith kashaanza kununa."

"Mwambie nakuja sasa hivi, inshallah."

"Mwambie wewe! Mimi kanirushia tende ya uso. Kila nikimsemesha, anamtaka babake tu, basi."

Harub akaishusha simu polepole.

"Nani huyo mkali?" Nadhir akauliza.

"Ami yangu. Ndugu yake baba."

"Ah, maami wote hivyo hivyo. Wangu mimi ananipigia simu nimtafutie miwani, na miwani iko usoni kwake."

"Wako afadhali. Huyu Idi iliyopita kanizaba kofi mbele ya watu."

"Wallahi? Ukafanya nini?"

"Nikambusu mkono. Ningefanya nini? Baba yangu mwenyewe humbembeleza."

Nadhir akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akarudi kwenye biashara. "Sasa mtoto umri gani?"

"Mwaka wa pili huo unakuja."

"Basi atazame nyuma. Gari ikifunga breki ghafla, kiti inamshika mgongo, shingo, kichwa, yote pamoja. Akitazama mbele, kichwa inakwenda peke yake."

Harub akaiona akilini njia panda ya Bidbid, njiani kwenda Ibra, na yale malori yanayokwenda kama yana ugomvi na barabara. Alimpenda yule mtoto kupita kiasi. Jana tu mtoto alimlalia kifuani mpaka mkono ukafa ganzi, na hakuthubutu kuutoa. Akakiweka kando kiti chekundu chenye pahala pa kikombe, maana kilikuwa na uzuri wa macho tu. Akakitupilia mbali kwa mawazo kile alichopewa bure na rafiki, kilichowahi kupata ajali. Akachagua cha kijivu, kizito, kibaya cha sura, chenye mikanda ya kuaminika.

"Huu mkanda ukishamfunga, ufinye hapa begani," Nadhir akamwonyesha. "Ukipata mkunjo, bado umelegea."

Wakatoka nacho mpaka garini, mlangoni pa duka. Wakakipachika kwenye kiti cha nyuma, wakakisukuma, wakakivuta, Nadhir akakitia goti. Kiti kimya, kama kimezaliwa mle. Harub akamkumbatia Nadhir, kisha akaona haitoshi, akaanza kucheza razha, ngoma ya panga, pale pale barabarani na mwavuli wa duka uliokunjwa badala ya upanga. Watu wawili waliokuwa wakipita wakampigia makofi.

Simu tena.

"Tunakuja kwa miguu," Thuraya alikuwa akihema. "Ami kasema hangoji. Kashavaa kanzu na kofia, kashanitangulia mlangoni!"

"Anakuja hapa!" Harub akapiga kelele.

Nadhir akaruka. Mtu mzima, mkali, kwa miguu, na jua hili! Akakimbilia ndani, akatoka na kiti cha bosi wake chenye magurudumu, akakiweka kivulini. Akarudi akaleta birika la kahawa, vikombe, sahani ya halwa, na feni ya mkono. Akajiweka sawa kofia na kuyasuuza meno kwa ulimi.

"Dukani kwangu hasimami mzee," akasema. "Nitamwamkia vipi? Kwa Kiswahili au Kiarabu?"

"Kiswahili. Kwao wote huamkia hivyo, na yeye anapenda."

Thuraya akatokea pembeni ya jengo, jasho linamtiririka, mtandio umehamia begani. Nadhir, birika mkononi, akanyoosha shingo kumtafuta mzee nyuma yake, akaona barabara tupu.

Harub hakutafuta mtu. Alipiga magoti juu ya lami ya moto, akakibusu kiganja kilicholowa mate, akamnyanyua yule mwana wa Hamda aliyeshikwa mkono na Thuraya, akampachika katika kile kiti cha kijivu na kumfunga mikanda.

"Shikamoo, ami."

"Malahaba," akajibu ami Ghaith, kidole gumba kimo mdomoni.