Mgongo wa Salome

Salome alipanda jukwaani, akakigeuza kiti chake, akaketi kuutazama ukuta. Watu mia na ushee waliojaa ukumbini wakabaki na mgongo wake.

"Mama Nelly," mshereheshaji Mwanaima alimnong'oneza, "watu wako huku."

"Nimewaona. Endelea."

Dakika mbili kabla ya hapo alikuwa mzima kabisa. Alisimama nyuma ya pazia akijipanga maneno, akalifunua kidogo kuchungulia mstari wa mbele, akaliachia haraka. "Mayu! Mama yangu!" alisema, na hapo hapo akajitanda kanga mpaka kwenye nyusi.

Maonyesho yale ya kazi za mikono pale Kahama hayakuwa ya kuuza sura. Chuo kipya cha ufundi kilitafuta mwalimu, mmoja tu, na angepatikana humo humo ukumbini. Kila msanii angeeleza kazi yake mbele ya watu, mkuu wa idara angesikiliza na kuchagua. Salome alikuwa na stashahada iliyolala kabatini kwake Ngokolo miaka kumi na tisa, huku yeye akifinyanga vyungu na kuviuza kando ya barabara. Mwezi ujao angetimiza arobaini na tano, na tangazo lilitaka mtu asiyefikisha umri huo. Akiikosa leo, ndiyo imetoka.

Alianza Gregory, fundi wa kuunga vyuma chakavu kutoka Bugarama. Sanamu lake lilifanana na mbuzi aliyemeza gia.

"Huu," alisema, "ni ukimya unaopiga kelele."

Watu wakampigia makofi ya adabu. Ikafika zamu ya Salome, ambaye bado alikuwa anautazama ukuta.

Mkuu wa idara, Bwana Theonest, aliyeketi mstari wa mbele, alikuwa amehamia wiki ile kutoka Geita. Salome alipotokea jukwaani yeye aliinama kama aliyeangusha kitu, na alipoinuka alikuwa ameuficha uso wote nyuma ya kijarida cha maonyesho. Kijarida chenyewe alikishika juu chini.

"Namwomba mshereheshaji amuulize mama," sauti ilitoka nyuma ya kijarida, "chungu hiki kinazungumzia nini?"

"Unaulizwa chungu kinazungumzia nini," Mwanaima akarudia, ingawa kutoka kiti hadi kiti hazikufika hatua tano.

"Mwambie aliyeuliza kwamba chungu hakizungumzi. Kinapika maharage."

Mzee mmoja mwenye miwani akasimama.

"Jamani, hamuoni? Tumechimba dhahabu, tumechimba, sasa ardhi imetupa mgongo! Mama, wewe ndiye ardhi?"

"Mimi ni Salome."

Hapo ndipo alipowamaliza. Mwanamke mmoja alianza kulia. Vijana wakaandika kwenye simu zao: *Mimi ni Salome.* Halafu nyuma yake Salome akasikia viti vikiburutwa, kimoja, kumi, hamsini. Watu walikuwa wanageuka nao, wanalipa jukwaa migongo kwa heshima. Gregory, asiyependa kuachwa nyuma, akageuza cha kwake. Kilikuwa ukingoni mwa jukwaa. Alianguka chini yeye na mbuzi wake, kishindo kikajaa nyumba nzima.

"Amekufa?" Salome aliuliza bila kugeuka.

"Anapumua."

"Basi tuendelee. Udongo."

Na udongo aliujua. Aliueleza ukuta namna ya kuukanda mpaka uache kushika vidole, namna ya kuuchanganya na vigae vilivyotwangwa ili chungu kisipasuke motoni, kwa nini kinakaushwa kivulini na si juani, na kwa nini mtu mwenye haraka akauze ndoo za plastiki. Mikono yake ilifinyanga hewa, duara juu ya duara. Alisema chungu kilichoiva ukikigonga kinalia kama kengele, kibichi kinaitika kama boga. Hakuna aliyekohoa. Hata Gregory alisikiliza, akiwa sakafuni.

Alipomaliza, Bwana Theonest alikuwa amekwisha kurudi kinyumenyume mpaka kwenye nguzo, akajibanza nyuma yake. Jasho lilikuwa limelowesha kola ya shati.

"Mimi najitoa," alisema. "Waamue watu."

"Lakini bosi, toka nyuma ya nguzo, kazi ya kuchagua ni yako," Mwanaima alisema.

"Nimesema waamue watu!"

"Unyenyekevu wa ajabu," mzee wa miwani alinong'ona.

Mwanaima akawaomba wanaomtaka Gregory wasimame. Akasimama Gregory. Akawaomba wanaomtaka Salome. Ukumbi mzima ukainuka kwa mshindo, nyuso zikiwa zimeelekea mlango wa kutokea.

"Hongera, Mama Nelly!" Mwanaima alipaza sauti. "Kuanzia Jumatatu wewe ni mwalimu wetu! Meza yako tumeshaiweka, ofisi moja na mkuu wa idara, mtakuwa mnatazamana. Haya, geuka tukupige picha, utupe na neno la shukrani."

Salome hakugeuka. Aliikaza kanga kichwani.

"Nashukuru, na kazi nimeichukua," aliuambia ukuta. "Ila kabla ya Jumatatu mtafute fundi ajenge ukuta katikati ya hiyo ofisi na atoboe mlango wa pili, maana kwetu mama hatazamani na mume wa bintiye, na huyo aliyejificha nyuma ya nguzo ni mkwe wangu."