Mikono ya Kwanza

Tangu zamani mwili wa mtoto hutii mikono ya kwanza iliyoukanda. Hiyo ndiyo itakayomnyoosha mgongo mpaka aache kurefuka. Mkandaji mwingine akimgusa, mifupa hukakamaa kama kuni.

Mkamwana wa Bi Zuhra, mgeni mjini, hakujua ugomvi wa zamani. Zuhra akiwa safarini, mkamwana huyo alimpeleka kichanga wake kwa Kidawa, kwa kuwa ndiye mkandaji wa karibu.

Zuhra aliporudi alikuja mbio kwa Kidawa, mjukuu mikononi, ushungi umemwanguka.

"Kidawa, niambie hujamgusa."

"Nimemkanda utosi mpaka unyayo. Mjukuu wako ana mgongo laini, mashaallah."

Zuhra akaketi bila kukaribishwa. Naye alikuwa mkandaji zamani, mikono ya kwanza ya Makame, mwana wa Kidawa. Kisha waligombania mwanamume, Zuhra akamfungia mtoto mlango. Makame sasa ni mtu mzima, anatembea bega moja limelala.

"Nilikuwa na hasira. Lakini huyu hana kosa."

"Hata wangu hakuwa nalo."

"Utamwacha apinde?"

"Nimwache? Thubutu! Mlete kila mwezi, umbebe mwenyewe. Mlango wangu haufungwi."

Kidawa akamlaza mtoto kifudifudi, akapapasa pingili za mgongo, akabonyeza kidogo kwa kidole gumba. Mtoto akacheka.

Zuhra, aliyeijua kazi, aliona kidole kilipotua, na kwamba hapakuwa mahali pa kubonyezwa. Akafungua mdomo. Halafu akakumbuka kuwa mtoto hana mikono mingine duniani.

"Ahsante, dada," akasema.