Kiganja cha Zita

Zita alificha mikono ndani ya kitenge mara tu alipomwona mkaguzi wa mbegu akishuka kwenye gari, mzee wa mvi, koti limefungwa hadi shingoni kwa baridi ya Mbulu.

Tangu asubuhi, nyuma ya duka la mbegu, alikuwa akichanganya mahindi ya sokoni na rangi nyekundu, ili yakitiwa kwenye mifuko yenye nembo yaonekane mbegu bora. Alinawa kwa sabuni, kwa majivu, hata kwa mafuta ya taa. Rangi ilibaki kwenye mistari ya viganja na kuzunguka kucha.

"Ukiulizwa, wewe unafagia tu," bosi wake, mwenye duka, alikuwa amemwambia, kisha akamtajia jina la baba yake na kijiji chao kule Endagikot, taratibu, kama anayesoma barua.

Baba huyohuyo alipanda mbegu za duka hili msimu uliopita. Hata nusu ya shamba haikuota.

"Shikamoo," Zita alisema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu." Mzee akamnyooshea mkono, akangoja.

Mkono wa mzee haukataliwi. Mlangoni, bosi alitikisa kichwa polepole. Hata hivyo Zita akautoa mkono na kuufumbua, kiganja juu, palipo na mwanga.

Mkaguzi akaushika. Akapitisha kidole gumba juu ya ile mistari myekundu, mmoja baada ya mwingine. Kisha, bila kumwachia, akamgeukia bosi.

"Si nilikwambia uwanunulie glavu, rangi isionekane?"