Mbuni wa Ngiri

Zama hizo Ngiri alitoa shamba lake zima la mihogo akapewa Mbuni, mwenye mbio kuliko wanyama wote, awe anampanda kwenda sokoni. Siku ya kwanza tu wakamkuta Kobe njiani, na desturi ya njia ile ni kwamba mzee hapitwi. Wakamfuata hatua kwa hatua, jua likiwachoma.

Mwezi mzima ikawa hivyo hivyo. Asubuhi moja Ngiri akafoka, "Mzee Kobe, huoni nimepanda nini?"

"Namwona, mwanangu," Kobe akajibu bila kugeuka. "Mzuri sana. Habari za nyumbani?"

Ngiri akasaga meno, hasira akamtupia Mbuni. "Na wewe, miguu yote hiyo ya nini? Tangu nikupate sijakuona ukikimbia hata siku moja."

"Mbona nakimbia kila siku, bwana," Mbuni akasema kwa upole. "Nikishakushusha sokoni, wote mkiwa huko, njia inabaki tupu. Hapo nakimbia mpaka machozi yananitoka kwa raha."

Ngiri akafumbua kinywa atukane, lakini mbele yao Kobe naye alikuwa amepunguza mwendo. Alikuwa amemkuta Konokono, aliyemzidi umri.